Wifi Anayesoma Nyimbo Zangu

Wifi yangu Muchaneta anasomea fasihi ya Kiingereza huko chuo kikuu, na ugonjwa huo ulimwanza polepole. Likizo ya mwaka wa kwanza alirudi mzima kabisa, anakula, anacheka, analala. Likizo ya mwaka wa pili hukuweza kumwambia mvua inakuja bila yeye kuuliza mvua hiyo inawakilisha nini. Mwaka wa tatu, ndio huu ninaousimulia, alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Nilipiga magoti nikampigia makofi ya salamu, maana kwetu dada wa mume ni mkubwa wako hata kama bado anang'oka meno. Akaitikia harakaharaka, na kabla hajanywa hata maji akasema:

"Wifi, Mama ananiambia siku hizi unaimba sana ukitwanga. Tafadhali usiache. Nimekuja kukusoma."

"Kunisoma? Mimi gazeti?"

"Zaidi ya gazeti. Magazeti wameshayasoma wengine."

Nilicheka, nikambebea begi la vitabu, nusura linivunje shingo. Nilifurahi kuliko alivyodhani. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nilikuwa na maradhi yangu ambayo tabibu wake alikuwa huyuhuyu mwenye miwani.

Kwetu Gutu mkazamwana hajibizani na mama mkwe wake. Hamwambii nimechoka, hamwambii umenionea. Lakini akishika mchi akaanza kuimba, hapo anaweza kusema lolote, na hakuna wa kumkemea. Neno la kinuni halina kesi. Mashine ya kukoboa na kusaga ipo pale madukani, inafanya kazi vizuri tu, lakini wanawake wengi bado tunatwanga uwele kwa mikono, kwa sababu mashine haikuachii nafasi ya kuimba. Ila kuna sharti moja. Wimbo ukishaimbwa lazima mtu aubebe, akae na wakubwa, auzungumze. Mtu huyo ni wifi. Ndiyo kazi yake nyumbani. Bila wifi, mkazamwana anatwanga maji kinuni.

Shida yangu ilikuwa moja. Mume wangu Zivanai anafanya kazi Kwekwe, kwenye karakana ya vyuma. Tulipooana alinileta kwa mama yake nijifunze nyumba kidogo, kama ilivyo kawaida, halafu nimfuate mjini. Kidogo hicho kilikuwa kimemeza misimu miwili ya mvua. Wenzangu walioolewa mwaka ule ule walishahamia kwa waume zao, wananenepa, wananitumia picha za makabati. Mimi nilikuwa na mama mkwe, ng'ombe, na kuku ambao kila mmoja nilishamjua tabia yake. Nikigusia safari, Mama alikuwa na neno tayari. Subiri tuvune. Subiri ng'ombe azae. Subiri mvua zikate, barabara ni mbaya. Barabara yenyewe ina lami.

Basi nikaimba. Mimi ni wa ukoo wa mbunju, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe, na wanawake wa ukoo huo wanaitwa Chihera. Muulize yeyote atakwambia Chihera hanyamazi hata ukimzamisha mtoni. Kila asubuhi nilikuwa uani na mchi wangu:

*Basi limepita, vumbi limebaki,*
*twanga, twanga.*
*Mwenye funguo ameketi kivulini,*
*twanga, twanga.*
*Kuku wa jirani anatagia kwao,*
*twanga, twanga.*
*Mimi nataga kwenye majani ya watu.*

Mama mkwe alikuwa akikaa hatua chache tu kutoka kwangu, kwenye mkeka, akimenya karanga. Mwenye funguo kivulini alikuwa yeye, na kivuli chenyewe kilikuwa kile cha ghala alichokuwa amekalia. Kijiji kizima kilijua. Nikimaliza alikuwa akisema, "Uwele wa leo umekoboka vizuri, Chihera," akaendelea na karanga zake. Siku nyingine nilimwimba kwa maneno makali zaidi, nikamwita mbwa aliyelalia nyasi asizozila. Akaniambia mboga ya jana ilikuwa tamu.

Kwa hiyo wifi alipofika nilijiambia, mahakama imefika. Kesho yake niliamka mapema, nikajaza kinu, nikaimba kwa mapafu yote. Muchaneta alikuja na kigoda, akaweka simu yake juu ya tofali inase sauti, akafumba macho. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mtoto huyu anajua heshima ya kazi yake.

Nilipomaliza alifumbua macho, yamelowa.

"Wifi," akasema, "hili basi."

"Ndiyo," nikasema. "Hilo basi."

"Basi ni historia, siyo? Historia inatupita sisi watu wa vijijini, inatuachia vumbi."

Nilimtazama. "Basi ni la Masvingo. Linapita saa nne."

"Ndiyo, juu juu ni la Masvingo. Lakini ndani?"

"Ndani kuna abiria."

Alicheka kama vile nimesema jambo la busara sana. "Na mwenye funguo? Nimeona kama ni mfumo mzima wa mali duniani. Wachache wamekaa kivulini, wengi wako juani wanatwanga."

Niligeuka nikamwangalia mfumo mzima wa mali duniani. Alikuwa anapepeta maganda ya karanga kwenye ungo, sketi yake imetoboka magotini. Naapa niliona bega lake likitikisika.

"Na kuku?" nikamuuliza wifi, maana nilishaona nimepatikana.

"Kuku ni mwili wa mwanamke."

"Hapo umekaribia."

"Lakini usiniambie!" akasema, ameinua kidole. "Mtunzi asielezee wimbo wake. Chuoni wanatufundisha wimbo ukishatoka kinywani si wako tena, ni wa msomaji."

"Kumbe. Na huu mchi ni wa nani?"

"Wifi, nawe!"

Hivyo ndivyo wiki ilivyokwenda. Mimi nashtaki, hakimu ananisifia sauti. Nilimwimba Mama kama chungu kinachokataa kuipuliwa, Muchaneta akaona ndani yake ukame wa kiroho. Nilimwimba kama mvua inayojifungia mawinguni, akaniuliza kama nimewahi kusikia washairi fulani wa Uingereza ambao nao walisumbuliwa na mawingu. Nikamwambia wa Uingereza nawasikitikia, lakini wao nadhani walikuwa wanalala na waume zao. Hilo alilichukua kama utani.

Jumamosi Mama alitutuma madukani kununua mafuta ya taa na chumvi. Pale nje ya duka la pombe kuna spika kubwa kama kabati, na ilikuwa inapiga wimbo mmoja wa magitaa ambao mwaka huo ulikuwa umetushika wote. Gitaa lilikuwa linakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Wanaume walikuwa wanacheza vumbini, mmoja amevaa viatu visivyofanana, anacheza kuliko wote. Mimi nilianza kutikisa mabega palepale. Muchaneta akanishika mkono.

"Sikiliza maneno, wifi."

"Nayajua maneno."

"Basi yasikilize. Huyu mtu anazika watoto wake. Ubeti wa kwanza mtoto wa kwanza, ubeti wa pili wa pili. Nasi tunacheza!" Akamgeukia yule wa viatu. "Samahani, kaka. Unajua wimbo huu unasema nini?"

Yule kaka hakuacha kucheza. "Najua, dada. Ndiyo maana nacheza. Nikikaa nikausikiliza nitalia, na nikilia hapa hawa watanicheka."

Wenzake wakamcheka hata hivyo. Nilidhani wifi atamtolea mhadhara, lakini alisema polepole, "Asante." Akaomba ruhusa aandike maneno yake. Yule mtu akasema aandike pia kwamba anatafuta mke.

Njiani kurudi, Muchaneta alitangulia kuvuka kijito. Kisha akaanza kuzungumza, na safari hii hakutumia yale maneno yake ya chuoni.

"Unajua, wifi, mimi sikuanza kusoma kwa vitabu. Nilianza kwa redio ya Baba, Mungu amrehemu. Jioni alikuwa anaiweka dirishani, nami nalala chini ya meza nasikiliza. Kuna wimbo mmoja gitaa lilikuwa linacheka na mtu anaimba kama anataka kufa. Nikamuuliza Baba, mbona hivi viwili havipatani? Akasema sikiliza tu, ukikua utajua. Nimekua, wifi. Bado sijui. Ndiyo maana nasoma."

"Na walimu wako wanasemaje?"

"Wa sekondari alisema nyimbo za baa si fasihi. Wa chuoni anasema zinaweza kuwa, lakini nithibitishe. Nataka kuandika insha yangu ya mwisho juu ya nyimbo za hapa nyumbani. Nataka wajue kwamba wewe unafikiri kama wao."

Nilimpenda saa ile, nakiri. Lakini pia nilikuwa nimebeba galoni la mafuta ya taa juani, na subira yangu ilikuwa imeisha tangu Jumatano.

"Wifi," nikasema, "wewe ni wifi yangu au mhadhiri wangu?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wiki nzima nakuletea kesi, wewe unaipigia makofi. Mwenye funguo ni mama yako! Kuku ni mimi! Basi ni basi! Nataka kwenda Kwekwe kwa mume wangu, na mama yako ananiweka hapa kama mbegu ya mwakani. Kazi ya kumwambia ni yako. Umepewa na mila, hukupewa na chuo."

Alisimama katikati ya njia. Uso wake ulibadilika, nikaona sura ya mtoto anayeng'oka meno.

"Ooo," akasema.

"Ndiyo. Ooo."

"Nimeandika kurasa kumi na saba kuhusu yule kuku."

Tulicheka mpaka galoni likaniponyoka. Tulipofika nyumbani aliniahidi atalifanyia kazi, lakini akasema kwanza atasikiliza nyimbo zote upya, tangu ya kwanza, sasa kwa vile amejua ni kesi. Nikamwambia fanya haraka. Pasaka ilikuwa inakaribia, na Zivanai angekuja. Nilitaka aondoke nami.

Jumatatu asubuhi nilikuwa bustanini kule bondeni nachuma mboga za kukausha. Muchaneta akaja bila simu, bila kitabu. Akainama akaanza kuchuma upande wa pili wa tuta. Anachuma vibaya, anang'oa na mizizi.

"Nimesikiliza zote," akasema.

"Enhe. Utazungumza na Mama lini?"

"Ngoja. Kuna kitu wanatufundisha ambacho si upuuzi, wifi. Wanasema ukishasoma kilichopo, tafuta kisichokuwepo. Umemwimba Mama. Umeimba kuku, basi, mbwa, chungu, mvua. Juzi ulinirushia fumbo hata mimi, nilisikia, yule kipofu anayenunua kioo. Kaka hayumo."

"Kaka yako yuko Kwekwe."

"Hayumo kwenye nyimbo. Hata mara moja. Mwanamke anaimba misimu miwili kwamba anataka kwenda kwa mume wake, na mume hatajwi. Nimerudia kusikiliza nikidhani nimekosea."

"Zivanai hana kosa," nikasema. Nilisikia sauti yangu imepanda.

"Sijasema ana kosa. Nauliza. Mama amewahi kukwambia usiende?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Subiri tuvune, alisema. Subiri ng'ombe azae. Subiri mvua. Nikayapanga yote, nikayatazama, na hata moja halikuwa usiende.

"Na kaka amewahi kukwambia njoo?"

Nilimkasirikia. Nilitaka kumwambia arudi kwa Waingereza wake na mawingu yao. Mtoto nimemcheka wiki nzima, na sasa ameingiza mkono mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sigusi. Maana ukweli niliujua. Zivanai akipiga simu aliuliza ng'ombe. Aliuliza paa la jiko. Aliuliza kama nimepona mafua ambayo yalishapona kabla ya Krismasi. Mimi nikisema nakuja lini, mtandao ulikuwa unakatika, na ulikuwa unakatika hapohapo kila mara. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba Kwekwe kuna mwanamke mwingine anayepanga makabati yangu. Ilikuwa rahisi kumwimba mama mkwe. Yeye alikuwa anakaa palepale nimwone, na asubuhi inayofuata alikuwa bado yupo.

Nililia ndani ya kapu la mboga, na sikujificha. Muchaneta aliacha kuchuma. Alinisogezea kitambaa chake cha kichwa nikapangusa pua, na akaendelea kung'oa mboga na mizizi yake.

"Sasa nikazungumze na Mama?" akaniuliza baadaye.

"Usiende," nikasema. "Kesi nimeipeleka kwa asiyehusika. Mwenye kesi anakuja Ijumaa Kuu."

Zivanai alifika amebeba mikate, sukari na kuku wa kukaanga wa mjini ambaye amepoa njiani. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye benchi jikoni, mahali pa wanaume, akazungumza na mama yake habari za paa. Nami nilimpigia makofi, nikampa maji ya kunawa, nikampa sadza, ugali wetu, na mboga za siagi ya karanga. Alikula akiangalia sahani. Usiku alisema amechoka na safari, na mimi nikamwacha achoke.

Jumamosi asubuhi nilibeba kinu nikakisogeza mbele ya mlango wa jiko, alipokuwa amekaa na chai yake. Mama alikuwa kwenye mkeka wake. Muchaneta alitoka, akaniona nilivyofunga kiuno, akakaa chini taratibu. Kwetu mke hamwiti mume wake kwa jina. Anamwita kwa ukoo, kwa heshima, na mimi sikuwahi kukosea. Siku hiyo niliinua mchi nikamwita:

*Zivanai, mwana wa mama yako,*
*twanga, twanga.*
*Nilikufuata wewe, sikufuata kinu,*
*twanga, twanga.*
*Wauliza ng'ombe kwenye simu,*
*twanga, twanga.*
*Ng'ombe hawajambo. Mimi je?*
*Kama hunitaki, sema nisikie,*
*twanga, twanga.*
*Kama wanitaka, niite kwa sauti yako.*

Chai ilimmwagikia mapajani. Hakupiga kelele, maana neno la kinuni halina kesi, na angelalamikia chai kila mtu angejua si chai. Nilirudia wimbo mara ya pili ili jirani wa ng'ambo asije akasema hakusikia vizuri. Kisha nikaweka mchi chini.

Mama mkwe aliweka kando ungo wa karanga. "Muchaneta," akasema, "wewe ndiye uliyesoma nyimbo. Mwelezee kaka yako. Huenda kuna mafumbo humo yamempita."

Muchaneta alivua miwani akaifuta kwa sketi. Nilijua anavyoweza kuzungumza kuhusu kuku mmoja. Nikaogopa.

"Mama, wimbo huu hauna fumbo hata moja," akasema. "Kaka, mke wako anauliza kama unamtaka. Mjibu."

Zivanai aliweka kikombe chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetapika, "Sina nyumba."

"Ulisema una vyumba viwili," nikasema.

"Nilisema. Nalala chumba kimoja na wenzangu wawili. Tumegawana kwa pazia. Niliwaambia watu wa huku nina vyumba viwili, ukaja kuolewa ukijua vyumba viwili, nikasema nitavipata kabla hujaja. Nikamwomba Mama akushikilie kidogo. Kidogo tu. Kila mwezi nilisema mwezi ujao." Akapangusa uso. "Nilikuwa naona haya, Chihera."

Pazia! Nimelala misimu miwili na mwanamke wa Kwekwe kichwani, nimempa mpaka rangi ya kucha, kumbe ni pazia. Nilitaka kumpiga mchi. Nilitaka pia kumshika kichwa. Nilichosema ni, "Hao wenzako wanakoroma?"

"Mmoja."

"Basi huyo ndiye ataanza kuhama. Mimi sikuolewa na vyumba."

Hapo Muchaneta akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo nadhani wanalifundisha. Lakini mimi nilikuwa nimemgeukia Mama. Alikuwa amesharudi kwenye karanga zake, anamenya kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama," nikasema, "ulijua."

"Mficha uchi hazai. Nilimwambia huyu. Nikamwambia mkeo mwambie mwenyewe. Hakusikia."

"Lakini mimi nilikuimba. Nilikuita mbwa."

"Na mvua. Na chungu. Chungu kilinichoma."

"Kwa nini hukuniambia, Mama? Kwa nini ulikaa tu?"

Alimenya karanga nyingine. "Mkazamwana akimchukia mama mkwe, anakaa, anaimba. Akimchukia mume, anafunga mizigo. Nikaona bora uniimbe mimi. Masikio yangu ni ya zamani, yamesikia mengi. Hata mimi mama yake baba yao nilimwita fisi."

Nilipiga magoti mbele ya mkeka wake. Nilitafuta maneno, mimi Chihera, nikakosa hata moja. Nilipiga makofi tu, nikapiga, mpaka akanishika viganja akasema, "Basi, basi, unatisha kuku."

Tulikubaliana niondoke Jumanne. Zivanai alitangulia ili yule mkoromaji apate kuambiwa kwa upole. Muchaneta alikuwa na siku chache za likizo, kisha naye angerudi chuoni. Alisema kurasa zake kumi na saba amezichana, sasa anaandika juu ya wimbo unaoimbwa kwa mtu asiyehusika, na kwa nini huyo mtu anakubali kuimbwa. Nilimwambia hilo sasa nalielewa, ingawa kuku nilimhurumia.

Jumanne asubuhi nilikuwa chumbani nafunga mizigo. Nikasikia mchi. Nilidhani ni Muchaneta anajaribu, nikatoka kumzuia asijivunje vidole. Alikuwa Mama. Alikuwa anatwanga uwele wa kunifungia niende nao, polepole, mgongo umeinama, na alikuwa anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba isipokuwa kanisani. Kwetu mama mkwe hana haja ya kuimba kinuni, akitaka jambo anasema.

*Chihera anaondoka, mboga zitapona chumvi,*
*twanga, twanga.*
*Sufuria zangu zitapumzika kuunguzwa,*
*twanga, twanga.*
*Asubuhi nani atanitukana?*
*twanga, twanga.*
*Nyumba kubwa, sauti moja, nayo ni yangu.*

"Twanga, twanga" alikuwa anajiitikia mwenyewe.

Muchaneta alikuwa ameshatoa simu, anaiweka kwenye tofali. Nilimshika mkono.

"Iache hiyo. Mimi naondoka leo, wewe wiki ijayo. Nani atamwitikia?"

Alinitazama, akamtazama mama yake. Hakuniuliza nina maana gani. Nikachukua mchi wa pili na yeye akasimama upande wangu, na tukamwitikia Mama mpaka uwele ukaisha.